Nani Anaruhusiwa Kusema "Subirini"?



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuisaidia taasisi imudu mabadiliko. Vitabu vya mada hii ni vingi, na vingi huanza na mchoro wa mishale inayozunguka. Mimi sikuja na mchoro. Nimekuja na karatasi moja ya hospitali. Nitaifuata kutoka Ifakara hadi Kanada, nipitie kiwanda cha magari huko California, kisha nirudi Mbeya. Nimeichagua kwa sababu imepimwa. Sisi watu wa utawala tunadai mengi na kupima machache. Madaktari angalau wana desturi ya kuhesabu waliokufa.

Karatasi yenyewe ni orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ina mambo 19, na husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa kwenye chumba cha upasuaji. Huyu ndiye mgonjwa tuliyemkusudia? Ni upande gani wa mwili? Ana mzio wa dawa? Amepewa antibayotiki ndani ya saa moja iliyopita? Mwishoni: gozi, sindano na vifaa vimehesabiwa, na hesabu imekubali? Hakuna ugunduzi hapo. Mwanafunzi wa uuguzi aliyemaliza mwaka wa kwanza anajua kwamba gozi haitakiwi kubaki tumboni mwa mtu.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 orodha hii ilijaribiwa katika miji minane: London, Seattle, Toronto, Auckland, New Delhi, Manila, Amman na Ifakara. Naam, Ifakara hii hii ya bonde la Kilombero. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa na vitanda 371 na vyumba vitatu vya upasuaji. Ile ya Manila ilikuwa na vitanda 1,800 na vyumba 39. Kazi hiyo iliongozwa na kundi la Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston, na matokeo yalichapishwa Januari 2009. Walihesabu wagonjwa 3,733 kabla ya orodha na 3,955 baada yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Takwimu za kila hospitali zilichapishwa bila kutaja jina, kwa hiyo ndugu zetu wa Ifakara hawawezi kujisifu, wala wa London hawawezi kujificha.

Serikali ya jimbo la Ontario, Kanada, ilivutiwa. Ikaziagiza hospitali zitumie orodha hiyo, na kuanzia Julai 2010 zikatakiwa kutangaza hadharani zinaitumia kwa kiwango gani. Ontario ina fedha, ina vifaa, ina madaktari, na Toronto ilikuwa imeshiriki majaribio ya kwanza. Mwaka 2014 David Urbach na wenzake walichapisha hesabu za hospitali 101 na upasuaji zaidi ya 200,000, wakilinganisha miezi mitatu kabla ya kila hospitali kuanza na miezi mitatu baada ya kuanza. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla, vikawa 0.65 baada, tofauti ambayo kwa kanuni za takwimu inaweza kuwa bahati tu. Matatizo yalikuwa asilimia 3.86, yakawa 3.82. Yaani palepale. Na ukitazama ripoti za utumiaji, karibu kila hospitali iliandika kwamba orodha inatumika karibu katika kila upasuaji.

Karatasi ni ile ile. Jarida lililochapisha tafiti zote mbili ni lile lile. Nini kilitokea?

Lucian Leape, mmoja wa waasisi wa harakati za usalama wa wagonjwa, alitoa jibu lake kwenye toleo lile lile la jarida: huenda orodha haikutumika kweli. Ilijazwa. Wapo waliopinga jibu hilo, wakasema miezi mitatu ni michache mno, na kwamba mahali ambapo vifo tayari ni vichache ni vigumu kuona tofauti. Hoja hizo zina uzito. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya umma, huku kwetu au kwingineko, akisoma maneno "orodha ilijazwa" hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kuna kufanya jambo, na kuna kuweka alama ya vema.

Kabla hatujawacheka watu wa Ontario, tutazame vizuri hata majaribio yale yaliyofaulu. Watafiti walichagua mambo sita ya msingi wakaangalia ni wagonjwa wangapi walifanyiwa yote sita. Kabla ya orodha ilikuwa asilimia 34.2. Baada yake, asilimia 56.7. Maana yake, hata pale ambapo kila mtu alijua anatazamwa, wagonjwa zaidi ya 40 katika kila 100 walikosa angalau jambo moja. Mabadiliko yaliyookoa watu wengi kiasi hicho yalikuwa yamefika nusu ya safari tu. Nalisema hili kwa ajili ya wale wakuu wanaodai utekelezaji wa asilimia 100 kufikia mwisho wa robo mwaka. Ukidai 100 utaletewa 100, nawe hutajua tena kinachoendelea.

Sasa tuisome karatasi yenyewe, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi hulipita. Kabla ya kisu, kila mtu chumbani anatakiwa ajitambulishe: jina lake na kazi yake. Daktari bingwa, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa vifaa, mwanafunzi aliyesimama pembeni, wote. Kisha daktari aseme anatarajia ugumu gani, mtaalamu wa usingizi aseme wasiwasi wake kuhusu mgonjwa huyu, wauguzi nao waseme kama vifaa ni salama na kama kuna tatizo lolote. Na anayesoma orodha, mara nyingi, ni muuguzi. Daktari bingwa ndiye anayesubiri kuruhusiwa.

Hapo ndipo penye mabadiliko yenyewe. Kuhesabu gozi ni kazi ya siku zote. Jipya ni kwamba mtu wa daraja la chini anamsimamisha mtu wa daraja la juu mbele ya watu, na mkubwa anasimama. Sisi tumelelewa kwa methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na methali hiyo imetufaa nyumbani na shambani. Katika chumba cha upasuaji, guu linalovunjika si la yule asiyesikia. Na msidhani hili ni tatizo la Waafrika wenye adabu nyingi. Gawande mwenyewe aliandika kitabu kizima kuhusu orodha hizi, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu madaktari wa Marekani wasiopenda kuambiwa neno na wauguzi wao. Wale wa hospitali nane walipoulizwa baada ya majaribio, wachache walilalamika kwamba orodha inawachelewesha. Walipoulizwa kama wangetaka itumike siku ambayo wao wenyewe wamelala mezani, asilimia 93 walisema ndiyo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza taasisi inayomudu mabadiliko inatambulikaje, sitaangalia mpango mkakati wake wala dira na dhima zilizobandikwa mapokezi. Nitauliza nani katika jengo hili anaruhusiwa kusema "subirini", na akisema, nini hutokea ndani ya dakika tano zinazofuata. Mabadiliko yoyote, yawe ya mfumo wa kompyuta, ya muundo wa idara au ya fomu ya mapokezi, yanapofika kazini hukuta jambo ambalo mpangaji hakuliona. Hulikuta kwa mtu wa chini, kwa sababu yeye ndiye anayeshika kazi. Akiweza kulisema na likafika, mabadiliko hurekebishwa na kuishi. Asipoweza, atafanya lile ambalo binadamu yeyote mwenye familia hufanya: atajaza fomu.

Niondoke hospitalini kidogo. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda huko Fremont, California, kilichosifika kwa ugomvi na utoro. Ilikuwa kawaida mfanyakazi mmoja katika kila watano kutoonekana kazini. Walikifunga mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale, na chama chao cha wafanyakazi kile kile. Toyota ikawapeleka mamia ya watu hao Japani wakafanye kazi bega kwa bega na Wajapani, wajionee. Juu ya mstari wa kuunganishia magari kulikuwa na kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa kikundi anakuja mara moja, na kasoro isipotatuliwa katika muda wa hatua ile, mstari mzima unasimama. Katika kiwanda cha zamani kusimamisha mstari lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Baada ya muda mfupi kiwanda kilikuwa kikitoa magari yenye ubora wa kulingana na ya Japani, na utoro ulishuka ukawa asilimia chache.

John Shook, Mmarekani aliyeajiriwa na Toyota wakati huo, alieleza baadaye somo alilolipata pale: usihangaike kwanza kuzigeuza fikra za watu, badilisha wanachokifanya, nazo fikra zitafuata. Naliunga mkono hilo, na ningewaomba wanaoandaa semina za "kubadili mtazamo wa watumishi" walitafakari. Mtazamo wa mtu anayevuta kamba na kiongozi akaja mbio akamuuliza "nikusaidieje?" hubadilika bila semina.

Ila sehemu ya pili ya kisa hicho ndiyo inayotuhusu zaidi. General Motors ilikuwa na NUMMI mikononi mwake. Mameneja wake walitembelea, walipiga picha, waliandika ripoti. Walipojaribu kuupeleka mfumo huo kwenye kiwanda chao kingine cha Van Nuys, katika California hiyo hiyo, uligoma. Kamba ilifungwa, lakini aliyeivuta alifokewa. Mameneja walikuwa wakipimwa kwa idadi ya magari yanayotoka, na gari lenye kasoro lilihesabiwa sawa na gari zima. Van Nuys ilifungwa mwaka 1992. Kampuni yenyewe ikaomba ulinzi wa mufilisi Juni 2009. Sisemi ilifilisika kwa sababu ya kamba. Nasema kwamba miaka 25 ya kuwa na mfano mzuri ndani ya nyumba haikutosha, maana mfano ulinakiliwa bila kugusa kipimo cha meneja.

Hapa sasa naomba tujitazame.

Njia yetu ya kuleta mabadiliko mnaijua kuliko mimi. Waraka unatoka. Semina elekezi inafanyika mkoani, kwa siku tatu, wanaohudhuria ni wakuu kwa sababu posho ina ngazi. Mkuu anarudi na begi lenye nembo, anafanya kikao cha dakika 20 cha kutoa mrejesho, na fomu mpya inaanza kutumika Jumatatu. Fomu ya zamani haiondolewi, kwani hakuna waraka uliosema iondolewe. Muuguzi wa zamu ya usiku, aliye peke yake na wagonjwa 30, ndiye anayegundua kwamba fomu mpya inauliza jambo ambalo hujulikana asubuhi tu. Atamwambia nani? Kuna sanduku la maoni ukutani, limefungwa kufuli dogo. Muulize yeyote ufunguo uko kwa nani. Katika ofisi nyingi nilizozipita swali hilo huzua kicheko.

Chukua mfano ambao watumishi wa umma wa Tanzania wanaukumbuka vizuri: OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi ulioanzishwa mwaka 2004. Kwa maandishi ulikuwa mzuri. Mtumishi na msimamizi wake wakae, wakubaliane malengo, wapitie nusu mwaka, wapime mwisho wa mwaka, na mtumishi aruhusiwe kutokubaliana na alama alizopewa. Ukiusoma kwa makini utaona ulibeba haki ile ile ya kusema "subiri bosi, sikubali". Katika maofisi mengi ikawa fomu inayojazwa kwa pamoja mwezi Juni, malengo na matokeo siku moja, kwa sababu mtu anataka kupanda cheo. Sasa umekuja mfumo wa kielektroniki, PEPMIS. Kompyuta itajua nani hakujaza, lakini haina namna ya kujua kama yale mazungumzo yalifanyika.

Hata hivyo si haki kusema amri haifai kamwe. Serikali ilipoanzisha mfumo wa GePG mwaka 2017, malipo ya taasisi za umma yakaanza kupitia namba ya malipo badala ya fedha taslimu mkononi mwa karani, na amri ilifanya kazi. Kulikuwa na upinzani, tena mwingine ulivaa nguo za huruma: "wananchi wa vijijini hawataweza". Baadhi ya waliosema hivyo waliwahofia wananchi kweli. Wengine walihofia droo zao. Washauri wa mabadiliko hupenda kusema kwamba anayepinga hajaelimishwa. Mara nyingine anayepinga ameelewa kuliko wote, na ndiyo maana anapinga. Malipo ya kielektroniki yanaacha alama, fedha imeingia au haijaingia, na mkaguzi anaiona akiwa Dodoma. Jambo la namna hiyo unaweza kuliamuru.

Lakini huwezi kuamuru jambo linalofanyika mlango ukiwa umefungwa. Kunawa mikono saa tisa usiku. Kumsikiliza mzazi anayesema mtoto wake leo "hayuko sawa". Mwalimu kubadili namna ya kumuuliza mtoto swali. Kuhesabu gozi kwa kweli. Huko, amri huzaa alama ya vema na kuishia hapo. Kosa kubwa la viongozi wetu, na nalisema kwa heshima, ni kuchukua chombo kilichofaulu kwa fedha na kukipeleka kwa tabia.

Basi tabia inabadilishwaje? Jimbo la South Carolina, Marekani, lilichukua orodha ile ile ya Ifakara bila kuiamuru. Hospitali zilialikwa. Waliokubali walifanya mazungumzo ya ana kwa ana na wapasuaji mmoja mmoja, waliirekebisha karatasi iendane na chumba chao, waliijaribu kwa timu moja kwanza, wakairekebisha tena, na wakatazamana wakiitumia. Ilichukua miaka, na hospitali 14 tu ndizo zilizofika mwisho. Katika hizo 14, vifo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 3.38 mwaka 2010 hadi 2.84 mwaka 2013. Katika hospitali nyingine za jimbo, vilitoka 3.50 hadi 3.71. Mtu makini atasema hao 14 walikuwa na nia tangu mwanzo. Kweli kabisa. Ila nia hiyo ilipewa muda na ruhusa ya kugusa karatasi kwa kalamu yake, na Ontario haikupewa vyote viwili.

Huku kwetu tunao mfano ambao hatuutangazi vya kutosha, ingawa chimbuko lake ni mbali. Hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, ilianza mwaka 2000 kutumia mbinu za viwanda vya Japani, chini ya mkurugenzi wake Dkt. Wimal Karandagoda. Mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikawa ya kwanza nchini kuanza njia hiyo, kisha ikasambaa hospitali nyingine za mikoa. Watumishi wa afya wanaijua kwa S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Unaanza na stoo. Unatoa vitu vibovu vilivyolala miaka. Unapanga vilivyobaki kiasi kwamba mgeni anaweza kupata mpira wa mkojo gizani. Anayeamua nini kikae wapi ni kikundi kidogo cha watu wa wodi ile, pamoja na mhudumu wa usafi.

Wapo wanaoidharau njia hii, wanaiita kupaka rangi na kubandika lebo. Wana sababu. Nimeingia mahali ambapo mistari ya njano sakafuni imenyooka na kabati limebandikwa "Gozi", na ndani yake mna viatu vya mtu. Lakini pale ilipofanywa kwa kweli, kilichojengwa hakikuwa kabati. Mhudumu aliyesema wiki iliyopita kwamba ndoo zikae karibu na bomba, na leo ziko karibu na bomba, ameonja jambo geni katika utumishi wetu: alisema, na likafanyika, bila waraka. Baada ya kuonja hivyo mara tano, mara kumi, ndipo atakapothubutu kumwambia daktari bingwa kwamba hesabu ya gozi haijakubali. Ndiyo maana wanaoifahamu njia hii wanasisitiza kwamba S tano hutangulia, na Kaizen, yaani kuboresha kazi yenyewe hatua kwa hatua, hufuata. Ukianza na jambo zito, mtu hana mazoezi ya kusikilizwa.

Kuna na upande wa uchungu. Machi 2018 Kenya nzima ilizungumzia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu kwa kuchukuliwa kuwa mwenzake. Timu iligundua baada ya saa kadhaa, ilipokosa bonge la damu lililokuwa limeonekana kwenye picha za yule mwingine. Watumishi wanne walisimamishwa kazi, na mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima. Wananchi walitaka hivyo, na mwanasiasa gani angekataa? Ila tazameni mnyororo: wodi, mapokezi ya chumba cha upasuaji, usingizi, kisu. Mikono minne tofauti ilimpitisha mtu yule yule. Makosa ya namna hiyo ni ya mnyororo, na ukiwaadhibu wanne kwa haraka, watumishi wengine wote hupata somo moja: jambo likienda kombo, jina lako lisionekane karibu nalo. Na asiyetaka jina lake lionekane hasemi "subirini".

Hapo mkuu wa taasisi ndipo anapopimwa. Wakati wa uzinduzi, kila mtu ana tabasamu na fulana mpya. Kipimo huja siku ya kwanza ambapo mtu wa chini amesimamisha kazi, na ikaonekana alikosea. Hesabu ilikuwa sawa, wamepoteza dakika 15 bure, daktari amekasirika, na mgonjwa wa pili kasogezwa hadi kesho. Ukimkemea siku hiyo, mabadiliko yako yamekufa mbele yako, hata kama fulana bado ni mpya. Ukimshukuru mbele ya wote, umetumia dakika 15 kununua kitu ambacho bajeti ya semina ya mwaka mzima hainunui.

Mtaniuliza mfanye nini mkirudi kazini. Sitatoa orodha, ingawa nimesifu orodha jioni nzima. Chagueni jambo moja, dogo, linalowaudhi walioshika kazi, wala lisiwe lile linaloupendeza uongozi. Mpeni mtu wa chini haki ya kulisimamisha. Mkianzisha fomu, futeni nyingine siku ile ile, na atakayeileta ndiye aseme ipi inaondoka. Kisha angalieni mnampima msimamizi kwa nini: kama bado anapimwa kwa idadi ya magari yanayotoka, rejeeni kisa cha Van Nuys.

Na wekeni daftari. Daftari la kawaida, la kurasa 96. Nani alisema "subirini", kuhusu nini, alijibiwa lini, kilibadilika nini. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Mtu huvumilia kujibiwa "hapana, kwa sababu hii na hii" kuliko kutojibiwa. Mtakapoona kurasa zimejaa na safu ya tatu ni tupu, mtakuwa mmejenga sanduku la maoni lisilo na kufuli. Na daftari likibaki jeupe miezi sita, msishangilie kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Liko jambo moja ambalo daftari hilo huenda likatusaidia, nami nalitaja mwisho kwa sababu ni gumu. Katika utumishi wetu wakuu huhamishwa. Mganga mfawidhi aliyekuwa akipita wodini kila Alhamisi anapata barua, anaaga, na baada ya mwezi mmoja S ya tano, ile ya kushikilia, haina wa kuishikilia. Wengi hulaumu uhamisho. Uhamisho utaendelea kuwepo, na una sababu zake njema. Lakini tazameni hati ya makabidhiano tunayoisaini: magari mangapi, majenereta mangapi, salio la benki, kesi zilizo mahakamani, hata viti vilivyovunjika. Hakuna ukurasa unaosema ni mambo gani watumishi waliahidiwa na bado hayajajibiwa, ni jaribio gani liko katikati, wala ni nani amepewa haki ya kusimamisha nini. Mkuu mpya anakabidhiwa mali, haambiwi taasisi ilikuwa imefikia wapi, naye kwa nia njema kabisa anaanza na waraka. Ningependa Ofisi ya Utumishi iongeze ukurasa huo kwenye hati, usainiwe na pande zote mbili, na nakala ibaki kwa muuguzi kiongozi wa kila wodi, kwa kuwa yeye hahamishwi mara nyingi.